Kulia Tisa, Herufi Sita

Ndugu zangu wamegawana vya maana, mimi nimeachiwa kabati. Nilipolifungua ilinijia harufu ya karatasi iliyokaa na unyevu, imechanganyika na naftalini, nikajikuta nimekaa sakafuni bila kupenda. Ndani mna magazeti ya Jumapili, rundo juu ya rundo, kila moja limekunjwa kwenye ukurasa wa fumbo la maneno, na visanduku vyote vimejazwa kwa wino wa buluu. Hii ndiyo mali aliyoitunza baba yangu. Vyeti vyetu vya kuzaliwa alivipoteza vyote, lakini katika haya hakupoteza hata moja.

Baada ya hitima kila aliyenipa mkono wa pole alikuwa na neno la kusema juu ya mafumbo. Mmoja aliniambia marehemu alikuwa bahari ya maarifa. Mwingine, punje ya pilau ingali ndevuni, akasema vichwa kama kile havizaliwi tena. Nilijibu ahsante, ahsante, maana huwezi kubishana na watu ambao bado wanatafuna sadaka ya marehemu. Lakini nyinyi wa rika langu, mliokuwa mkitumwa gengeni na huku baba zenu wamekaa barazani wakitengeneza dunia kwa maneno, nyinyi mnaweza kunisikiliza. Nina dharau niliyokaa nayo tangu nina miaka tisa, na sioni kwa nini niendelee kuibeba peke yangu.

Nyumba yetu ilikuwa Kikwajuni. Baraza lilikuwa la saruji, limeegemea ukuta wa mbele, chini kabisa ya dirisha la chumba cha shangazi yangu Zuwena. Baada ya sala ya alasiri walikaa hapo wanaume watano, na akili ya mmoja wakagawana. Birika la kahawa liliwekwa katikati, na gazeti likawekwa juu ya goti la Mzee Faki. Huyu alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mwenye macho mazuri kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo tu ndiye aliyekuwa mshika kalamu.

Fumbo lenyewe, nakiri, lilikuwa zuri. Halikuwa la kuuliza mto gani mrefu au nchi gani ina bendera gani. Mtungaji alikuwa mtu wa Dar es Salaam tusiyemjua hata jina, na alikuwa na utundu mkubwa. Alikuwa anaandika, kwa mfano: "Musa makini kamficha kitoweo, herufi sita." Watu wakafikiria mchuzi, wakafikiria mchicha, wakagombana siku nzima. Jibu lilikuwa limekaa mbele ya macho yao: ukiandika Musa makini bila kuacha nafasi, katikati utamkuta samaki. Hilo alilifumbua Mzee Faki mwenyewe, siku ya Jumatatu, na wiki nzima alitembea Kikwajuni kama aliyemvua samaki huyo kwa mikono yake.

Baraza lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, jibu bila ufafanuzi haliandikwi. Ukisema neno, wote wanakugeukia kwa pamoja, "Fafanua!" na ukishindwa kueleza limetokaje, hata liwe la kweli vipi, kalamu haisogei. Ya pili, gazeti jipya halifunguliwi mpaka la zamani limefungwa. Majibu ya kila fumbo yalichapwa Jumapili inayofuata, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo zilizogeuzwa kichwa chini. Basi gazeti jipya likifika mtaani, Mzee Faki alilikalia. Alilikalia kweli, chini ya paja, mpaka visanduku vyote vya fumbo la zamani viwe vimejaa na kufafanuliwa. Hapo ndipo lilipotolewa, lina joto la mzee, na majibu yakalinganishwa.

Jumapili alasiri ilikuwa siku ya baba yangu. Siku nyingine zote alikaa akinywa kahawa na kusema, "Hilo bado nalipika." Jumapili alikuwa ameshalipika. Maneno matatu au manne yaliyowashinda wote yeye aliyatoa moja moja, taratibu, macho ameyafumba, na kila moja akalifafanua hata wazee wakapiga mapaja. Walimwita Profesa. Kwa cheo chake cha kweli alikuwa karani wa mizigo bandarini Malindi, lakini cheo hicho hakikuwa kikitajwa barazani.

Mimi nilimwabudu. Niliona anavyorudi kazini Jumapili mchana, maana meli haina Jumapili, akipita uani midomo inamchezacheza, hamjibu mtu, hasalimii. Mama alituzuia tusimsumbue. Nilidhani anamsabihi Mola, na kwamba majibu yale ni malipo yake. Nilijaribu na mimi. Nilishika tasbihi, nikachezesha midomo kutoka mlangoni mpaka jikoni, nikangoja neno lishuke. Halikushuka.

Shangazi Zuwena alikuwa dada yake baba. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi shamba, akaolewa mjini, akakaa na mume miaka minane, hakupata mtoto, akaachwa. Mwanamume yule ameoa tena mara mbili tangu siku hizo, na hadi leo nyumba yake haijalia mtoto, lakini yeye hakuna aliyemwacha. Shangazi alirudi kwa kaka yake na sanduku moja na vitabu kidogo. Alipika, alifua, alitusomesha hesabu, na alasiri alikaa chumbani kwake karibu na dirisha. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijivu. Mafumbo yaliposomwa kwa sauti pale nje, yeye ndani aliyanakili, akachora na visanduku kwa rula.

Jioni moja nililifungua lile daftari. Nikakuta majibu yote, yale yale aliyokuwa akiyatoa baba. Kwa akili yangu ya miaka tisa ilikuwa wazi kama mchana: shangazi yangu anakopi. Anakaa nyuma ya dirisha, anasikia jibu la Profesa, analiandika kama lake. Niliona haya kwa niaba yake.

Sasa ije Jumapili ninayotaka kuieleza. Lilibaki neno moja, Kulia tisa, yaani namba tisa katika yanayosomwa kwenda kulia. Mzee Faki alilisoma kwa mara ya mia: "Mlinzi wa mlango, ndani yake yumo asiyezaa. Herufi sita." Baba akafumba macho. Akangoja mpaka kila mtu akanyamaza, hata muuza karanga akasimama.

"Kufuli," akasema.

"Fafanua, Profesa!"

"Mlinzi wa mlango ni nani kama si kufuli? Haya. Ndani yake yumo asiyezaa. Asiyezaa ni maiti. Hali ya maiti ni ufu. Tazama: herufi k, halafu ufu, halafu li. Ufu umo ndani ya kufuli."

Walipiga mapaja, walimtaja Mtume, mmoja alimwaga kahawa. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti cha mlango, nimejaa fahari hadi kooni. Na hapo ndipo sauti ya shangazi ikatoka dirishani, ndogo lakini imenyooka.

"Ni kitasa, kaka."

Sijui kama mnaelewa uzito wake. Mwaka mzima alikuwa nyuma ya dirisha lile na hakuwahi kusema neno. Wanaume wakatazamana. Mzee Faki, kwa adabu yake ya kifundi, akageuza shingo nusu bila kumtazama.

"Haya, Bi Zuwena. Fafanua."

Nilimwona alivyozishika nondo za dirisha, vidole vimepauka. Ufafanuzi alikuwa nao, ulikuwa rahisi kuliko wote: ndani ya kitasa mna tasa. Lakini lilikuwa neno ambalo mama mkwe wake alimtupia kwa miaka minane, tena mbele ya wageni, na sasa anatakiwa alitamke kwa kinywa chake mbele ya wanaume watano wanaojua kwa nini karudi nyumbani. Mimi sikulijua hilo. Niliona mtu aliyeulizwa swali akakosa jibu.

"Shangazi hajui kufafanua," nikasema kwa sauti. "Yeye huwa anakopi kwa baba. N'meliona daftari lake."

Ah, walivyocheka! Mpaka leo nikisikia wanaume wazee wanacheka pamoja huinuka nikaondoka. Baba alicheka kuliko wote. "Zuwena," akasema, "hebu kaangalie wali usiungue." Dirisha likafungwa.

Kulikuwa na tatizo dogo. Herufi ya mwisho ya Kulia tisa ilikuwa inakutana na samaki wa Mzee Faki, aliyekuwa kwenye fumbo hilo hilo, kwenye ile a yake ya kwanza. Kitasa kingeingia bila kugusa kitu. Kufuli haikuingia, maana inaishia na i. Nilikuwa najua kusoma na niliona kwa macho yangu. Mzee Faki aliduwaa, kalamu hewani.

"Gazeti limekosea visanduku," baba akasema. "Hawa wa Dar wanachapa ovyo, hamwajui?"

Kosa likiwa la Dar, Kikwajuni hakuna anayebisha. Mzee Faki, kwa mkono wake mwenyewe, akamgeuza samaki wake kuwa simaki. Mtu aliyetembea wiki nzima kwa fahari ya neno moja aliliharibu bila hata kuguna. Mmoja aliuliza, "Simaki ndo nini?" Hakujibiwa, na hakuuliza tena. Gazeti jipya likatolewa chini ya paja, likageuzwa kichwa chini, likasomwa: Kulia tisa, kufuli. Kushuka sita, samaki. Yote mawili kwenye orodha moja, na moja halimruhusu mwenzake kuishi. Hakuna aliyeona. Walikwisha kumbeba Profesa juujuu.

Wiki ile shangazi alinisomesha hesabu kama kawaida, ila hakunishika kichwa kama alivyozoea. Hilo liliniuma kuliko kofi. Jumatano, alipokwenda dukani, nilichukua daftari lake nipate kujithibitishia kwamba mimi ndiye mkweli. Safari hii nililisoma kwa makini. Pembeni ya kila jibu aliandika siku aliyolipata, kama walimu wanavyoandika pembeni mwa kazi za watoto. Jumatatu. Jumanne. Alhamisi. Yale majibu magumu, ambayo baba aliyatoa Jumapili, yeye alikuwa nayo tangu Jumanne. Nikarudi nyuma kurasa tano, kumi, nikakuta ni hivyo hivyo. Nilikaa nikahesabu kwa vidole, maana jambo lilikuwa halitaki kuingia: mtu atakopi vipi Jumanne neno litakalosemwa Jumapili? Na penye Kulia tisa alikuwa ameandika KITASA, Jumanne, na ufafanuzi wake kwa herufi ndogo sana.

Sikumwomba radhi. Naandika hili ili nisije nikaonekana nawadharau wengine na kujiacha mwenyewe. Nilirudisha daftari mahali pake, nikaenda kucheza.

Jumapili iliyofuata baba alirudi bandarini na gazeti jipya mkononi. Kwa desturi lilikuwa linanunuliwa Darajani kwa michango ya baraza, lakini siku hiyo, alisema, amewanunulia yeye, zawadi. Alivua shati akaoga. Kisha akaniita.

"Rahma!"

"Naam, baba."

"Nletee miwani yangu, imo mfukoni mwa shati."

Miwani ilitoka pamoja na kipande cha gazeti kilichochanwa kwa mkono. Nilikisoma. Kilisema kwamba katika majibu ya wiki iliyopita kulitokea kosa la uchapaji, jibu la Kulia tisa ni kitasa, si kufuli, na wasomaji wanaombwa radhi. Sikwenda chumbani kwa baba. Nilikimbia jikoni, shangazi yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, nikampa. Alikisoma mara mbili, maji ya nazi yanamtiririka mkononi.

"Kirudishe ulipokitoa," akasema.

"Lakini shangazi, ulikuwa sawa wewe! Na baba kapata wapi—"

"Gazeti linapanda meli ya asubuhi, Rahma. Asubuhi baba yako yuko wapi?" Alingoja hadi akaona nimefika mwenyewe. "Nshajua siku nyingi. Lakini chumba n'nacholala chake, na wali n'naokula wake. Kaka akiaibika barazani, mie nitakwenda wapi? Haya, mpelekee miwani yake."

Nilikirudisha kipande mfukoni, nikampelekea. Alikuwa anajifunga saruni, midomo inamchezacheza. Safari hii nilijua kwamba hasabihi kitu. Anakariri.

Alasiri fumbo la zamani lilifungwa kwa shangwe ya kawaida. Mzee Faki akavuta gazeti jipya chini ya paja, akalifungua, na jua likapita katikati ya ukurasa. Palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja.

"Profesa, limetobolewa hili."

Mfuko wa shati la baba ulikuwa umetuna kidogo upande wa kushoto. Nilikuwa nautazama mfuko huo alipogeuka, akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Watoto, Mzee Faki. Nliliweka mezani dakika moja. Rahma!"

"Naam."

"Umelichana gazeti?"

Nilimtazama anijue. Aliona kwamba najua, naapa aliona, kope zilimcheza. Na bado hakulifuta swali. Nikafikiria chumba cha shangazi, sanduku lake moja, na maneno ya jikoni.

"Naam, baba. N'mechana mie."

Ingetosha hapo. Mtu mwenye haya kidogo angesema basi, yamepita, tuendelee. Lakini mwongo akiokolewa hutaka na kupongezwa. Baba akatikisa kichwa kwa masikitiko, akawageukia wenzake.

"Hana adabu huyu. Si lawama zake. Anashinda na shangazi yake, na mtu asiyezaa atajuaje kulea?"

Mlango ulifunguliwa nyuma yangu. Shangazi alitoka na kanga zake za jikoni, moja kiunoni, moja kichwani, unga wa nazi ungali mikononi. Alisimama kizingitini, mkono wake ukanigusa kichwani ukabaki hapo.

"Asalaam alaykum."

Waliitikia wakitazama ndara zao.

"Wiki iliyopita nlidaiwa ufafanuzi," akasema, kwa ile sauti ya ubaoni. "Kulia tisa, herufi sita. Mlinzi wa mlango ni kitasa. Ndani yake yumo asiyezaa, yaani tasa. Ta, sa. Kaka yangu ndo kwanza kanikumbusha, na mumenisikia nnavyolitamka. Inaishia na a, kwa hivo, Mzee Faki, samaki wako alikuwa mzima, umemuua bure. Na mtoto hakuchana kitu. Kipande kimo mfukoni kwa Profesa, mwambieni akifafanue."

Hakupaza sauti hata mara moja. Akanishika mkono, akaniingiza ndani, akarudi kwenye nazi yake.

Siku ya tatu alihamia Makunduchi kwa mjomba wake. Hakufukuzwa, aliamka tu akafunga sanduku, na baba akajifanya ana haraka ya kazi. Huko alirudi kusomesha, akasomesha hadi alipostaafu, na wanafunzi wake wakimtembelea siku ya Idi nyumba haiwatoshi. Msibani alikuja asubuhi, akamwombea kaka yake dua, akapanda gari la jioni. Sikumsikia akisema ubaya wowote juu yake. Ubaya nimeubeba mimi.

Maana mimi alasiri ile, shangazi aliporudi jikoni, nilipanda juu ya kitanda chake nikachungulia dirishani. Nilikuwa na hakika. Sheria ilikuwa yao wenyewe: jibu likifafanuliwa linaandikwa. Nilingoja Mzee Faki alitafute gazeti la zamani, amrudishie samaki wake a yake, aandike kitasa. Nilingoja mmoja wao anyooshe mkono auombe ule mfuko. Walikuwa wanaume wazima watano, na mmoja alikuwa fundi aliyepima watu nusu ya mji. Muuza karanga alipita, hakuna aliyenunua. Baba alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati, anafuta, anafuta, kichwa kimemwinamia, na kwa muda nilimwona kama mtu anayetaka kusema kitu.

Mzee Faki akakohoa. Akalilaza gazeti jipya juu ya goti lake, tundu likatazama saruji, akalisawazisha kwa kiganja kama anayenyoosha kitambaa. Akafungua kalamu, akasoma fumbo la kwanza la wiki mpya. Baba akavaa miwani, akatoa neno la kwanza lililomjia, na halikuwa na maana yoyote.

"Fafanua, Profesa," wakasema wote kwa pamoja.

Akafafanua, nao wakapiga mapaja.